Kutoka rue de Provence hadi Porte d'Auteuil: safari ya ubingwa wa dunia wa tenisi ya udongo uliofutwa

Siku ya kwanza: rue de Provence, Paris

Safari inaanzia kwenye barabara ambayo watalii huikatiza wakikimbilia maduka makubwa ya boulevard Haussmann. Ni mwendo mfupi kwa miguu kutoka kituo cha Saint-Lazare. Zamani zilikuwa hapa ofisi za USFSA, umoja uliosimamia michezo ya ridhaa Ufaransa, na humo ndimo Shirikisho la Kimataifa la Tenisi lilipoundwa tarehe 1 Machi 1913. Vyama vya nchi 12 vilikaa mezani. Vingi vilitoka Ulaya, ila Afrika Kusini ilikuwamo, na pia Australasia, yaani Australia na New Zealand zilizokuwa zikicheza kama timu moja.

Mashindano tunayoyafuata yalikuwa yameshatangulia kwa mwaka mmoja. Yalianza 1912 katika klabu ya Stade Français, yakiitwa World Hard Court Championships. Msomaji wa leo akiona jina hilo hufikiria saruji na rangi ya bluu, lakini Waingereza wa wakati ule waliita hivyo karibu kila uwanja usio wa nyasi, na wa Paris ulikuwa udongo mwekundu. Shirikisho lilipozaliwa lilichukua kilichokuwapo na kukipiga muhuri. Mataji rasmi ya dunia yakawa matatu: la nyasi Wimbledon, la udongo Paris, na la uwanja wa ndani ambalo lilihama mji hadi mji, likianzia Stockholm.

Mgogoro uliokuja kuyaua mashindano ulizaliwa siku hiyohiyo. Waingereza walipewa ubingwa wa dunia wa nyasi uwe wao daima. Wamarekani walikuwa na mashindano yao makubwa ya nyasi na hawakuona sababu ya kukubali kuwa Wimbledon ni ya dunia na yao ni ya nyumbani tu. Wakakaa nje ya shirikisho. Ajabu ni kwamba wazo la kuliunda lilisukumwa sana na Mmarekani aliyekuwa akiishi Geneva, Charles Duane Williams. Hakuliona likitimia, kwa kuwa alifariki Titanic ilipozama mwezi Aprili 1912. Jina la ukoo huo litarudi siku ya tano.

Nusu saa inatosha hapa.

Siku ya pili: hifadhi ya Saint-Cloud

Njia rahisi ni metro namba 10 hadi mwisho wa reli, kituo cha Boulogne – Pont de Saint-Cloud, kisha kuvuka mto Seine kwa miguu juu ya daraja. Wengi hupanda tramu T2 inayosimama karibu zaidi na geti, halafu wanashangaa tiketi yao ya metro ikikataliwa. Tangu Januari 2025 tiketi moja ya metro na treni haitumiki kwenye basi wala tramu, na ukikaguliwa bila tiketi sahihi ni faini. Daraja lenyewe ni dakika chache tu, na halina nauli.

Hifadhi ina hekta 460 hivi na sehemu kubwa ni mlima, kwa hiyo viatu viwe vya kutembelea. Juu kidogo kuna uwanda uliopangwa miti iliyokatwa kwa umbo la pia. Miti hiyo inaonyesha mahali kasri la wafalme lilipokuwa kabla halijaungua Oktoba 1870 katika vita na Waprusi. Upande wa Sèvres, ndani ya eneo hilihili, kuna ofisi ya kimataifa ya vipimo inayotunza ile silinda ya madini iliyokuwa kilo halisi ya dunia hadi Mei 2019. Mahali palipozoea kuitwa "pa dunia nzima", basi, hata kabla ya tenisi.

Viwanja vya Stade Français viko sehemu iitwayo La Faisanderie, upande wa Garches. Ni klabu binafsi. Asiye mwanachama huona kutoka nje ya uzio, na kupiga picha za wachezaji bila ruhusa ni utovu wa adabu hapa kama kwingineko. Kurudi mjini usishuke tena mlima wote: kituo cha Garches – Marnes-la-Coquette kiko upande huo, na treni ya laini L inakufikisha Saint-Lazare.

Sasa historia yenyewe, maana hapa ndipo ilipochezwa karibu yote. Miaka ya mashindano ni 1912, 1913, 1914, kisha 1920, 1921, 1922 na 1923. Ni mara saba tu, na sita kati ya hizo zilikuwa Saint-Cloud. Kila mtu alianzia raundi ya kwanza. Wimbledon hadi 1921 bingwa mtetezi alikaa kando akisubiri mshindi wa wengine wote, ndipo acheze mechi moja. Paris hakukuwa na starehe hiyo. Wanaume walicheza hadi seti tatu za ushindi, bila gemu ya kuvunja sare, kwa hiyo seti iliendelea mpaka mmoja aongoze kwa gemu mbili. Kwenye udongo, ambako mpira hupunguza kasi ukigusa chini na kurukia juu, sevu peke yake haimalizi kazi, na ndiyo maana orodha ya mabingwa imejaa watu wenye miguu na pumzi.

Fainali ya wanaume 1912 ilikuwa ya Wajerumani wawili: Otto Froitzheim alimshinda Oscar Kreuzer. Miaka miwili baadaye wawili haohao walikwenda Marekani kucheza Davis Cup, kombe la tenisi la timu za mataifa, karibu na Pittsburgh, vita vikalipuka wakiwa huko, na meli iliyokuwa ikiwarudisha Ulaya ikasimamishwa Gibraltar. Walikaa kizuizini kwa Waingereza. Upande wa wanawake, Mfaransa Marguerite Broquedis alichukua taji la kwanza na baada ya wiki chache akashinda dhahabu ya Olimpiki Stockholm. Mwaka 1913 taji lilikwenda kwa Mieken Rieck wa Ujerumani.

Mwaka huohuo aliingia Anthony Wilding wa New Zealand, akamshinda André Gobert 6-3, 6-3, 1-6, 6-4. Wilding aliyachukua yote matatu mwaka 1913: udongo Paris, nyasi Wimbledon, na uwanja wa ndani Stockholm. Mwaka 1914 alirudi na kumwacha hoi Ludwig von Salm-Hoogstraeten wa Austria, 6-0, 6-2, 6-4.

Lakini 1914 hukumbukwa zaidi kwa binti aliyekuwa ametimiza miaka 15 mwezi Mei huohuo. Suzanne Lenglen alikuwa ametoka kufungwa na Broquedis kwenye fainali ya mashindano ya Ufaransa, 5-7, 6-4, 6-3. Hayo yalikuwa ya wanachama wa klabu za Ufaransa pekee. Muda mfupi baadaye, kwenye haya ya dunia ambako mlango ulikuwa wazi kwa wageni, alishinda taji lake la kwanza kubwa, akimfunga Germaine Golding kwenye fainali. Ni vyema kuiweka akilini tofauti hiyo ya milango miwili, kwa sababu kila ubishi kuhusu mashindano haya unaishia hapo.

Tarehe 28 Juni 1914 mrithi wa ufalme wa Austria aliuawa Sarajevo. Saint-Cloud haikuona mashindano tena hadi 1920.

Siku ya tatu: Richebourg, kaskazini

Treni ya kasi kutoka Gare du Nord hadi Béthune huchukua saa moja na nusu hivi. Kutoka kituoni hadi Richebourg ni kama kilomita kumi za barabara tambarare, na baiskeli inatosha kama hakuna upepo. Eneo limejaa makaburi ya kijeshi, tena majina yanafanana, basi mwambie dereva jina kamili: Rue-des-Berceaux Military Cemetery. Ukiambiwa tu "makaburi ya Waingereza" unaweza kupelekwa manne tofauti kabla ya kufika. Karibu na lango la makaburi haya huwa kuna kisanduku cha chuma ukutani chenye daftari la majina. Tafuta W, soma kitalu, safu na namba, ndipo uingie.

Nahodha Wilding wa Royal Marines aliuawa na kombora tarehe 9 Mei 1915, siku ya shambulio la Aubers Ridge. Alikuwa na miaka 31. Hakuna mwingine aliyewahi kuyashikilia mataji yote matatu ya dunia ya shirikisho katika mwaka mmoja, na baada yake hakukuwa na atakayeweza, maana yalifutwa.

Ukiwa na muda, pitia kumbukumbu ya askari wa India pale Neuve-Chapelle, jirani tu. Ina majina zaidi ya 4,700.

Siku ya nne: Brussels

Kutoka Béthune panda treni ya mkoa hadi Lille, kisha treni ya kasi hadi Brussels Midi. Lille ina vituo viwili, Flandres na Europe. Treni za mkoa huingia Flandres na za Brussels nyingi huondokea Europe, kwa hiyo weka angalau dakika 30 za kuhama kwa miguu na kupita ukaguzi.

Mwaka 1922 mashindano yalitoka Paris kwa mara ya kwanza na ya mwisho. Yalichezwa Royal Léopold Club, ambayo sasa iko Uccle, kusini mwa jiji. Ubelgiji ilikuwa na mtu wake, Jean Washer, aliyekuwa amefika fainali 1921 na angefika tena 1923, mara zote mbili akafungwa na Mmarekani. Brussels hakufika fainali. Fainali ilikuwa ya Henri Cochet wa Lyon, kijana wa miaka 20, na Manuel de Gomar wa Hispania. Matokeo yanasimulia yenyewe: 6-0, 2-6, 4-6, 6-1, 6-2. Cochet alikuwa mtoto wa mtunza viwanja, akaanza kwa kuokota mipira. Mtu aliyekulia kwenye udongo hivyo anajua lini pa kuteleza na lini pa kusimama.

Hali ya hewa ya Ubelgiji mwezi Mei inafaa kueleza kitu ambacho takwimu hazionyeshi. Mpira mkavu una gramu 57 hivi. Uwanja ukiwa umelowa, manyoya ya mpira hunywa maji na kubeba unga wa matofali, mpira unakuwa mzito na kuruka chini zaidi. Nyuzi za raketi zilikuwa za utumbo wa mnyama, na utumbo hauelewani na maji: huvimba, huchanika nyuzinyuzi, hulegea, na hatimaye hukatika katikati ya mechi. Mchezaji wa kupiga kwa nguvu ndiye aliyeumia zaidi, kwa kuwa nguvu yake ilitegemea nyuzi zilizokazwa sana, na hizo ndizo hukatika kwanza. Mchezaji wa kuuchukua mpira mapema, ukiwa bado unapanda, kama Cochet, alipoteza kidogo.

Lenglen alichukua matatu Brussels: mchezaji mmoja mmoja, wawili wawili akiwa na Elizabeth Ryan, na mchanganyiko (mwanamke na mwanamume) akiwa na Cochet.

Siku ya tano: Colombes na Saint-Ouen

Rudi Paris kwa treni ya mapema, saa moja na dakika ishirini na kitu hadi Gare du Nord. Kwenda Colombes panda laini J kutoka Saint-Lazare, ushuke kituo kiitwacho Le Stade. Uwanja wa Yves-du-Manoir ndio uliokuwa kitovu cha Olimpiki ya 1924, na mashindano ya mpira wa magongo ya 2024 yalichezwa hapohapo.

Kwa nini Colombes ihesabiwe katika safari ya Saint-Cloud? Kwa sababu hapa ndipo nafasi ya mashindano ilipochukuliwa. Miaka ya mwisho yalikuwa na nguvu kuliko wakati wowote. Mwaka 1920, Lenglen akiwa hakucheza, Dorothy Holman wa Uingereza alishinda, na kwa wanaume William Laurentz alimfunga Gobert. Laurentz alifariki miaka miwili tu baadaye. Mwaka 1921 alikuja Bill Tilden wa Marekani, akashinda seti zote tatu za fainali 6-3. Lenglen naye alimfunga Molla Mallory, bingwa wa Marekani, kwenye fainali ya wanawake. Kiangazi hichohicho alimfuata Mallory kwao Forest Hills, New York, akaacha mechi katikati akiwa mgonjwa, na magazeti yakaandika mengi. Mwaka 1923 Bill Johnston, Mmarekani mwingine, alimshinda Washer kwa seti tano, akaenda Wimbledon akashinda tena.

Angalia hao Wamarekani. Chama chao hakikuwa mwanachama wa shirikisho, lakini wachezaji wao wakuu walivuka bahari na kuchukua ubingwa wa dunia mara mbili katika miaka mitatu. Wakati huohuo Wajerumani, waliojaza fainali ya kwanza kabisa, walikuwa wamefungiwa nje tangu vita na hawakurudi hadi katikati ya miaka ya 1920. Ubingwa wa dunia usio na Ujerumani, na ambao Marekani haiutambui kisheria, ulikuwa jina tu.

Mwafaka ulifikiwa Paris Machi 1923. Neno "dunia" liliondolewa kwenye mataji yote matatu. Badala yake yakatambuliwa mashindano rasmi ya nchi nne: Australia, Ufaransa, Uingereza na Marekani. Wamarekani wakajiunga. Waingereza walipoachia taji lao walipata kifuta jasho: kanuni za mchezo zibaki kwa Kiingereza milele. Hayo manne ndiyo Grand Slam ya leo. Ubingwa wa dunia wa Saint-Cloud ulichezwa mara ya mwisho miezi miwili baada ya hukumu yake kutolewa, na 1924 Olimpiki ikaziba pengo.

Ilizibwa vibaya. Wachezaji wa Colombes walilalamikia viwanja na huduma, na tenisi ikatolewa Olimpiki, isirudi na medali kamili hadi 1988. Vincent Richards na Helen Wills wa Marekani walishinda mechi za mmoja mmoja. Dhahabu ya mchanganyiko ilikwenda kwa Hazel Wightman na Richard Norris Williams, ambaye ni mwana wa yule Charles Duane Williams. Alikuwa na baba yake ndani ya Titanic, akaokolewa akiwa na miguu iliyoganda kiasi kwamba daktari alitaka kuikata. Alikataa.

Mchana uwe wa Saint-Ouen, kwenye makaburi ya jiji la Paris alikozikwa Lenglen, aliyefariki Julai 1938 akiwa na miaka 39. Kituo ni Mairie de Saint-Ouen, metro 13 au 14. Vitabu vingi vya rekodi vinampa mataji makubwa 8 ya mchezaji mmoja mmoja: 6 ya Wimbledon na 2 ya Ufaransa. Ukiongeza 1914, 1921, 1922 na 1923 yanakuwa 12. Tunaona 12 ndiyo hesabu ya haki. Mashindano ya Australia ya miaka hiyo, ambayo huhesabiwa bila swali, mara nyingi yalipata wageni wachache mno, wakati Saint-Cloud ilikuwa na Tilden, Mallory na karibu kila jina kubwa la Ulaya lililoruhusiwa kucheza.

Siku ya sita: Porte d'Auteuil

Metro 10 tena, safari hii kushuka Porte d'Auteuil. Ziara za kuongozwa huwekewa nafasi mtandaoni mapema.

Mashindano ya Ufaransa yalifungua mlango kwa wageni mwaka 1925, na yalichezwa wapi? Saint-Cloud, viwanja vilevile vya Stade Français. Mwaka 1926 yalikwenda Racing Club, klabu nyingine ya Paris, 1927 yakarudi Saint-Cloud, ambako René Lacoste alimfunga Tilden 11-9 katika seti ya tano. Mwaka huohuo Wafaransa waliinyakua Davis Cup huko Philadelphia, na ikahitajika nyumba ya kuitetea. Ardhi ya hekta tatu ya Porte d'Auteuil ilipatikana kupitia Stade Français, kwa sharti uwanja uitwe kwa jina la mwanachama wao aliyeuawa vitani. Hivyo uwanja wa 1928 ukabeba jina la Roland Garros, rubani mzaliwa wa Saint-Denis, kisiwa cha Réunion, katika Bahari ya Hindi yetu. Hakuwa mchezaji wa tenisi wa kujulikana. Kwa hiyo klabu, udongo na msimu ni vya mashindano yaliyofutwa. Kilichobadilika ni jina la kombe na mwaka wa kuanza kuhesabu.

Kuhusu udongo wenyewe, mgeni huamini anatazama udongo mwekundu kwenda chini. Sivyo. Ule wekundu ni milimita 1 hadi 2 tu za matofali yaliyosagwa, umenyunyizwa kama unga kwenye kibao cha chapati, na uwanja mmoja unachukua takriban tani moja. Chini yake kuna tabaka la mawe meupe ya chokaa yaliyopondwa, sentimita 6 hadi 7, na hilo ndilo linalobeba mchezaji. Chini zaidi kuna masalia magumu ya makaa ya mawe, kisha kokoto, kisha mawe makubwa ya kupitisha maji.

Kazi yote ni ya maji. Chokaa hushika unyevu na kuupandisha juu polepole, nao hushikilia unga wa matofali usipeperuke. Chokaa ikikauka, upepo unaondoka na unga, sehemu tupu zinateleza kama kioo na mpira unaruka ovyo. Ukimwagia maji kupita kiasi, kiatu kinazama, alama zinakuwa mashimo na mpira haupandi. Ukizidisha unga ukidhani unasaidia, mguu hauwezi kusimama baada ya kuteleza, na hapo ndipo vifundo vya miguu huumia.

Mechi ikiendelea, wafanyakazi huburuta wavu mpana juu ya uwanja wote kati ya seti na kufagia mistari kwa brashi. Mistari ni rangi nyeupe juu ya mafuta ya kitani, si utepe uliopigiliwa misumari kama kwenye klabu nyingi. Faida ya udongo ni kwamba mpira huacha alama, na hadi mashindano ya 2025 mwamuzi hapa bado alikuwa anashuka kitini kwenda kuikagua kwa macho.

Adui mkubwa ni baridi ya majira ya kupukutika hadi mwisho wa baridi kali. Maji yaliyomo ndani ya chokaa huganda, hutanuka na kuinua tabaka lote, na likiyeyuka linabaki limevimba na laini. Ndiyo sababu kila mwaka kabla ya msimu uso hukwanguliwa, chokaa husawazishwa, humwagiwa maji na kukandamizwa kwa rola, mara nyingi mfululizo, na ni baada ya hapo tu matofali yaliyosagwa hurudishwa kwa koleo, tabaka jembamba baada ya jingine, kila moja likilowanishwa kabla ya linalofuata.